Upana na kimo: jinsi ya kufanya visanduku vya programu yako vikae sawa kwenye simu ya kila mtu

"Kaka, kwenye kompyuta inakaa vizuri, lakini kwenye simu ya mteja kitufe kimekatwa." Swali hili naulizwa na vijana wanaojifunza kuunda programu za Android hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi mpaka Igoma, na karibu kila mara kosa ni lile lile: mtu amepanga ukubwa kwa namba zilizoipendeza skrini yake mwenyewe. Nimeandika hatua hizi ili ukikwama tena uwe na pa kurejea.

Mfano wetu ni programu ndogo ya kuonyesha bei za samaki kwa wafanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba. Kila mstari una picha ya samaki, jina lake na bei. Inaonekana kazi nyepesi, lakini makosa mengi ya ukubwa yamejificha hapo.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Android Studio, yaani programu ya kuundia programu za Android. RAM ya GB 8 inatosha kuandikia, ila emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, itailemea. Kama huna GB 16, achana na emuleta utumie simu halisi na waya wa USB.
- Simu ya Android, ikiwezekana ndogo na ya bei nafuu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, uguse namba ya toleo mara 7 ili chaguo za wasanidi zifunguke. Humo washa utatuzi kwa USB, ili kompyuta iweze kuwasha programu yako kwenye simu.
- Mradi mpya uliofunguliwa kwa kiolezo kinachoitwa `Empty Views Activity`. Ukichagua `Empty Activity` utapewa Compose, njia nyingine ya kupanga skrini kwa msimbo, na mafaili ya XML (yanayoeleza mpangilio wa skrini) nitakayoyataja hutayaona.
- Karatasi na kalamu.
- Orodha ya maneno halisi yatakayoonekana kwenye programu. Usijaribie kwa "Samaki 1, Samaki 2". Andika "Dagaa wa kukaanga wa Ukerewe", "Mabondo ya sangara", "Sato". Utaona sababu kwenye hatua ya 4.

Jambo moja la kuelewa

Kila kisanduku kwenye skrini, kiwe picha, maandishi, kitufe au kisanduku kinachobeba vingine, lazima kitamke upana wake na kimo chake. Kinachobeba kinaitwa mzazi, kilichomo ndani yake kinaitwa mtoto. Kila kimoja kati ya viwili hivyo kina majibu manne tu:

`match_parent`: nijaze nafasi yote aliyonipa mzazi wangu. Ni turubai la kuanikia dagaa lililotandazwa ukuta hadi ukuta.

`wrap_content`: nitoshe kilichomo ndani yangu, nisizidi. Ni gunia, linanenepa au kusinyaa kwa kadiri ulivyolijaza.

`0dp`: nipewe nafasi iliyobaki baada ya wengine kuchukua zao. Jibu hili lina masharti, tutayaona.

Namba, kama `56dp`: nina kipimo changu, nisiguswe.

Ukikuta `fill_parent` kwenye somo la zamani usibabaike. Ni jina la awali la `match_parent`, lililobadilishwa tangu Android 2.2 ya mwaka 2010.

Hatua ya 1: Chora kwenye karatasi kwanza

Chora skrini, kisha visanduku vyote ndani yake. Kwenye kila kisanduku andika herufi mbili, ya kwanza ya upana, ya pili ya kimo: M kwa mzazi, Y kwa yaliyomo, B kwa nafasi iliyobaki, N kwa namba. Mstari wetu wa samaki ni M-Y. Picha ni N-N. Jina ni B-Y. Bei ni Y-Y.

Wengi huruka hatua hii kwa haraka, halafu wanapoteza jioni nzima wakibadilisha namba moja moja na kuwasha programu upya. Dakika 10 za karatasi zinakuokolea hiyo jioni. Mimi mpaka leo sianzi skrini mpya bila kuchora.

Ukiona kisanduku chenye herufi N kwa upana na hakina picha wala alama ndogo ndani yake, kitilie shaka. Maandishi hayapaswi kupewa namba ya upana.

Hatua ya 2: Panga kisanduku cha nje kabisa

Hiki ni rahisi: `match_parent` kwa upana, `match_parent` kwa kimo. Kinachukua skrini nzima. Endelea.

Hatua ya 3: Maandishi na vitufe

Kimo cha maandishi kiwe `wrap_content` siku zote. Ukubwa wa herufi uandike kwa `sp`, na vipimo vingine vyote kwa `dp`. Usitumie `px` popote.

Tofauti yake ni hii. Pikseli ni nukta halisi ya kioo, na simu mbili zenye kioo cha ukubwa uleule zinaweza kuwa na nukta tofauti kabisa. `dp` inasawazisha: dp 1 ni pikseli 1 kwenye kioo chenye nukta 160 kwa inchi, na pikseli 2 kwenye kioo chenye nukta 320. Kwa hiyo simu yenye upana wa pikseli 720 na nukta 320 kwa inchi ina dp 360. Yenye pikseli 1080 na nukta 480 nayo ina dp 360. Lakini simu ndogo yenye pikseli 480 na nukta 240 ina dp 320 tu. Hapo ndipo kitufe chako cha `340dp` kinapokatwa.

`sp` ni kama `dp`, ila inafuata pia ukubwa wa maandishi ambao mwenye simu ameuchagua kwenye mipangilio yake. Kuanzia Android 14 mtu anaweza kukuza maandishi hadi asilimia 200. Kuna watu wanaoandika herufi kwa `dp` ili "muundo usiharibike". Usifanye hivyo. Mtu aliyekuza herufi amezikuza kwa sababu macho yake yanahitaji.

Kwa kitufe, weka `wrap_content` na uongeze `android:minHeight="48dp"`. Dp 48 ndicho kipimo cha chini ambacho miongozo ya Android inashauri kwa kitu cha kuguswa. Kidole cha mtu aliyetoka kupanga samaki kwenye barafu kinahitaji nafasi hiyo. Na kwa kuwa ni kimo cha chini, herufi zikikua, kitufe nacho kinakua.

Onyo: usipime kitufe kwa neno la Kiingereza halafu ukatafsiri baadaye. Kitufe kilichotosha "Save" kwa namba kamili hakitatosha "Hifadhi mabadiliko".

Hatua ya 4: Mstari wenye nafasi iliyobaki

Hapa kaa kwa muda, ndiyo hatua yenye maswali mengi kuliko zote.

Toleo langu la kwanza la programu hii nililipeleka Mwaloni nikiwa na uhakika nalo. Nikampa mama mmoja muuza dagaa alijaribu kwenye simu yake. Baada ya shikamoo na marahaba aliishika, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu. "Mwanangu, bei ya hawa wa kukaanga iko wapi?" Nikatazama. Jina refu lilikuwa limechukua mstari wote, na bei imebanwa pembeni kabisa, tarakimu zimepandana moja juu ya nyingine kama ngazi, za mwisho zimekatwa hazionekani. Alikuwa amekuza maandishi ya simu yake, na mimi sikuwahi kujaribu hivyo hata siku moja. Programu ya bei iliyoficha bei.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili. Jina nililipa `wrap_content` kwa upana, na mstari mzima niliupa kimo cha `72dp`. Kisanduku cha `LinearLayout`, kinachopanga watoto wake kwa mstari mmoja, kinawapima kwa zamu. Jina likija kabla ya bei na likitaka nafasi yote, linapewa, na bei inaokota makombo. Kisha kimo kisichobadilika kikakata kilichojaribu kushuka mstari wa pili.

Mstari sahihi ni huu:

```xml
<LinearLayout
    android:layout_width="match_parent"
    android:layout_height="wrap_content"
    android:minHeight="72dp"
    android:orientation="horizontal"
    android:gravity="center_vertical"
    android:padding="12dp">

    <ImageView
        android:id="@+id/picha"
        android:layout_width="56dp"
        android:layout_height="56dp"
        android:scaleType="centerCrop" />

    <TextView
        android:id="@+id/jina"
        android:layout_width="0dp"
        android:layout_height="wrap_content"
        android:layout_weight="1"
        android:layout_marginStart="12dp"
        android:layout_marginEnd="12dp"
        android:textSize="16sp" />

    <TextView
        android:id="@+id/bei"
        android:layout_width="wrap_content"
        android:layout_height="wrap_content"
        android:textSize="16sp" />
</LinearLayout>
```

Angalia `jina`. Upana ni `0dp` na uzito, yaani `layout_weight`, ni 1. Maana yake: picha ichukue yake, bei ichukue yake yote, halafu jina lipewe kilichobaki. Jina likiwa refu litashuka mstari wa pili, na kwa kuwa kimo cha mstari ni `wrap_content`, mstari utanyanyuka kulipokea. Picha ya `56dp` pamoja na `padding` tayari zinaupa mstari wa "Sato" kimo cha kutosha, na `minHeight` ni kinga ukija kuiondoa picha, usibaki mwembamba mno.

Kabla ya kuandika hivi jiulize: nafasi ikibana, nani avumilie? Kwenye orodha ya bei, jina linaweza kukunjwa, bei haiwezi. Anayevumilia ndiye anayepewa `0dp` na uzito. Wewe ndiye unayejua kazi ya programu yako, kwa hiyo uamuzi huu hakuna kifaa kitakachokufanyia.

Ukitumia `ConstraintLayout`, mzazi ambaye watoto wake hufungwa kwa kamba kwenye jirani zao au kwake mwenyewe, wazo halibadiliki, ila `0dp` inafanya kazi pale tu kisanduku kimefungwa pande zote mbili: mwanzo wa jina ufungwe kwenye mwisho wa picha, mwisho wa jina ufungwe kwenye mwanzo wa bei. Ukisahau upande mmoja, jina litasinyaa lisionekane. Na ndani ya `ConstraintLayout` usiwape watoto `match_parent`. Funga pande zote mbili kwa mzazi na uandike `0dp`.

Hatua ya 5: Picha

Picha ndogo za orodha zipe namba pande zote mbili, kama `56dp` hapo juu, pamoja na `centerCrop` ili samaki asivutwe akawa mrefu kama kambare.

Picha kubwa ya juu ya ukurasa ipe upana `match_parent` na kimo `wrap_content`, kisha ongeza `android:adjustViewBounds="true"`. Bila mstari huo, picha kubwa ikipunguzwa upana ili itoshe, kisanduku kinabaki na kimo cha picha ya awali, na unapata nafasi tupu juu na chini usijue imetoka wapi.

Hatua ya 6: Orodha nzima

`RecyclerView`, kisanduku cha kuonyesha orodha ndefu, yenyewe iwe `match_parent` pande zote, kama orodha ndiyo skrini nzima. Faili la mstari mmoja liwe na kimo cha `wrap_content`. Ukiacha `match_parent` kwenye kimo cha mstari, kila samaki atachukua skrini nzima peke yake, na utadhani orodha yako ina kitu kimoja.

Unapoingiza mstari kwenye adapta, yaani msimbo unaojaza data kwenye mistari ya orodha, mpe mzazi:

`inflater.inflate(R.layout.mstari_samaki, parent, false)`

Watu huandika `null` mahali pa `parent` na programu inawaka bila kulalamika. Lakini upana na kimo ulivyoandika kwenye kisanduku cha nje cha mstari vinatupwa, kwa sababu hakuna mzazi wa kuvisoma. Ukiona umebadilisha kimo mara tatu na hakuna kinachobadilika, tazama hapa kwanza.

Hatua ya 7: Fomu ndefu

Fomu ya kuingiza bei mpya iweke ndani ya `ScrollView`, kisanduku kinachosogezwa juu na chini, maana kibodi ikifunguka inakula karibu nusu ya kioo. Mtoto wa `ScrollView` ni mmoja tu, na kimo chake kiwe `wrap_content`. Ukitaka fomu fupi ijaze skrini ili kitufe kikae chini, weka `android:fillViewport="true"` kwenye `ScrollView` yenyewe.

Onyo: usiweke `RecyclerView` yenye kimo cha `wrap_content` ndani ya `ScrollView`. Mistari yote itatengenezwa kwa mpigo, na orodha ya samaki mia tatu itaifanya simu ndogo igande.

Hatua ya 8: Skrini pana

Kwenye tableti, mstari wa `match_parent` unaacha jina kushoto kabisa na bei kulia kabisa, na jicho linapotea njiani. Wekea kikomo. Ndani ya `ConstraintLayout` tumia `app:layout_constraintWidth_max="600dp"` pamoja na upana wa `0dp`, kisanduku kitakaa katikati. Kama wateja wako wote wanatumia simu za mkononi, ruka hatua hii, urudi siku utakapoihitaji.

Hatua ya 9: Jaribu kwa ukatili

Fanya majaribio haya manne, kwa mpangilio huu:

1. Weka jina refu kuliko yote na bei kubwa kuliko zote kwenye mstari mmoja.
2. Ingia mipangilio ya simu, kuza maandishi mpaka mwisho, rudi kwenye programu.
3. Laza simu.
4. Iazime simu ndogo na ya zamani kuliko yako, ya ndugu au ya jirani, uiwashie programu humo.

Mstari ukipita yote manne, umemaliza. Ukianguka la pili, rudi hatua ya 3 na ya 4.

Ukikwama

*Kisanduku hakionekani kabisa.* Tafuta `0dp` isiyo na `layout_weight`, au isiyofungwa pande mbili. Kama si hivyo, angalia kama kimefichwa kwa `gone`. Kilichofichwa kwa `gone` kinaachia nafasi yake kwa wengine. Cha `invisible` kinaendelea kuishikilia ingawa hakionekani.

*Sijui kisanduku gani kinachukua nafasi.* Kwenye chaguo za wasanidi za simu kuna sehemu ya kuonyesha mipaka ya muundo. Iwashe, kila kisanduku kitachorewa mstari wa pembeni. Nusu ya mafumbo yanaishia hapa, kwa sababu unaona kwa macho kisanduku ulichodhani ni kidogo kimetanda mpaka ukingoni.

*Mzazi ni `wrap_content` na mtoto ni `match_parent`, matokeo hayaeleweki.* Mzazi anamsubiri mtoto, mtoto anamsubiri mzazi. Mmoja lazima apewe jibu lake mwenyewe. Kuna mahali pamoja hali hii inafaa: vitufe kadhaa vilivyopangwa kwenda chini ndani ya `LinearLayout` yenye upana wa `wrap_content`. Vyote vikiwa na `match_parent`, vitalingana upana na kile chenye neno refu kuliko vyote.

*Maandishi yamegusa ukingo wa kitufe.* Ongeza `padding`, ambayo ni nafasi ya ndani. `margin` ni nafasi ya nje, kati ya kisanduku na jirani yake. Wengi huzibadilishana.

*Kitufe cha chini kimeingia nyuma ya alama za mfumo.* Programu inayolenga Android 15 hutanda kioo chote, hadi nyuma ya saa na alama za chini. Anza kwa kuweka `android:fitsSystemWindows="true"` kwenye kisanduku cha nje.

*Natumia Compose, nifanyeje?* Maswali ni yale yale, majina ndiyo tofauti. Compose humpa kila mmoja ukubwa wa yaliyomo usiposema kitu. `Modifier.fillMaxWidth()` inajaza upana wa mzazi, na `Modifier.weight(1f)` ndani ya `Row` inachukua nafasi iliyobaki. Mstari wetu wa samaki unakuwa `Row` yenye picha ya `size(56.dp)`, jina lenye `weight(1f)`, na bei isiyo na kitu. Kwenye Flutter, zana nyingine ya kuundia programu, jina ungelivika `Expanded`.

*Nimefuata yote na bado bei inakatwa.* Futa namba zote za upana kwenye mstari isipokuwa ya picha, kisha zirudishe moja moja huku simu ikiwa imekuzwa maandishi hadi mwisho. Ile itakayoirudisha hitilafu ndiyo uliyokuwa unaitafuta.